Ritifaa ya ng'ombe

Mwenyekiti wa chama cha wafugaji ninachokisaidia hapa Arua, Uganda, alinipigia simu Jumatatu jioni. Sauti yake ilikuwa ya upole, lakini nilijua kuna jambo. "Mwanangu, meseji zimebaki sifuri. Si ulisema zitatutosha mara tatu?" Nikamjibu, "Mzee, nipe nusu saa nitazame."

Hesabu yetu haikuwa ngumu. Wanachama ni 400. Tulikuwa tumelipia meseji 1,200 kwa kampuni inayotuma kwa jumla, zitoshe matangazo matatu. Nasi tulikuwa tumetuma tangazo moja tu, hili hapa:

Wafugaji wote: chanjo ya ng'ombe ni Jumanne saa 2 asubuhi sokoni. Leteni ng'ombe wote, hata ndama. Anayechelewa atasubiri zamu ya mwezi ujao. Asante.

Hesabu herufi zake, pamoja na nafasi na nukta, utapata 149. Meseji moja hubeba 160. Kwa hiyo nilianza kwa kuishuku kampuni, nikaandika na malalamiko kabisa. Bahati njema sikuyatuma, kwa sababu kosa lilikuwa letu, na lilikaa ndani ya neno ng'ombe, kwenye kale kamkia kanakoning'inia kati ya g na o.

Kamkia hako kanaitwa ritifaa. Katibu wetu alikuwa ameandika tangazo kwenye Word, akalinakili, akalibandika kwenye ukurasa wa kutumia meseji. Word haiiachi ritifaa ilivyo. Ukibonyeza kitufe chenye alama iliyonyooka ('), yenyewe huigeuza ikawa iliyopinda (’), ili maandishi yapendeze kama ya kitabu. Kwa jicho la binadamu ni alama ile ile. Kwa kompyuta ni alama mbili ambazo hazina undugu wowote: iliyonyooka ni namba 39, imo kwenye orodha ya herufi za kompyuta tangu miaka ya 1960, na iliyopinda ina namba 8217 kwenye Unicode, ile orodha kubwa ya herufi za lugha za dunia.

Sasa tuingie ndani ya meseji yenyewe, maana hapa ndipo pesa ilipotokea mlango wa nyuma. Meseji ya kawaida ya simu haipiti njia ya sauti wala ya intaneti. Inapita kwenye njia nyembamba ambayo simu na mitambo ya mtandao huitumia kupeana taarifa zao: niko wapi, nani ananipigia, nimezimwa au nimewashwa. Nafasi iliyopo humo kwa meseji moja ni baiti 140, yaani biti 1,120 (biti ni sifuri au moja, na baiti ni biti nane). Wahandisi wa Ulaya waliobuni mfumo huu miaka ya 1980 waliamua kila herufi itumie biti 7. Gawanya 1,120 kwa 7 upate 160. Ndipo ilipotoka ile namba tuliyoizoea.

Lakini biti 7 zinatoa nafasi 128 tu za herufi, na waliojaza nafasi hizo walitazama lugha zao. Kwenye orodha ile utakuta herufi zetu zote za kawaida, utakuta alama ya pauni na ya yeni, ñ ya Wahispania, ø ya Wadenmaki, ß ya Wajerumani, hata herufi kubwa za Kigiriki kama Δ na Ω. Ritifaa iliyonyooka imo. Iliyopinda haimo.

Ikiingia alama moja tu isiyokuwamo, meseji nzima inahama orodha. Herufi zote, hata zile ambazo hazina kosa, zinaanza kuandikwa kwa biti 16 kila moja. Gawanya tena: 1,120 kwa 16 ni 70. Na ujumbe ukizidi 70 hukatwa vipande, kila kipande kikitoa nafasi kidogo kwa ajili ya namba ya kukiunganisha na wenzake, hivyo kinabaki na herufi 67. Tangazo letu la herufi 149 likawa vipande vitatu. Vipande vitatu mara watu 400 ni 1,200. Mzee alikuwa sawa: zilikuwa zimekwisha zote, kwa ng'ombe wawili.

Anayepokea haoni lolote. Simu yake, hata kama ni katochi, ile simu ndogo ya vitufe, huviunganisha vile vipande na kumpa ujumbe mmoja. Mtumaji peke yake ndiye anayelipa tofauti. Wenye WhatsApp nao hawajui habari hii, kwa sababu kule herufi hazihesabiwi hivyo. Lakini wafugaji wa vijiji vya huku wengi bado wanashika katochi, betri inakaa siku nne, na meseji ndiyo inayowafikia malishoni.

(Emoji pia hufanya hivyo hivyo. Weka ua moja mwishoni mwa salamu ya Idi ya herufi 120, utalipa mbili.)

Tangu siku ile nimekuwa nikiifuatilia ritifaa kila inapokwenda, na nimegundua kwamba tatizo la meseji lilikuwa dogo kuliko mengine. Shina lake ni moja. Waliotengeneza programu hizi wanaiona ritifaa kama kituo, ndugu yake mkato na nukta. Kwa Kiingereza wana haki, inaonyesha herufi iliyodondoshwa au mali ya mtu. Kwetu sisi si kituo. Ni sehemu ya herufi. N, g na ritifaa kwa pamoja zinaandika sauti moja ya puani, na ukiiondoa umebadilisha neno. Kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, jino au mhogo. Ngoa ni tamaa, ni wivu. Vijana wanaoandika "kungoa jino" kwa kuwa kutafuta ritifaa kwenye katochi kunachosha, ninawaelewa, kitufe cha 1 kinabonyezwa mara nyingi mpaka kidole kinauma. Ila neno limeumia.

Waganda walichagua njia nyingine. Katika maandishi sanifu ya Kiganda sauti hii ina herufi yake kamili, ŋ, kwa mfano ŋŋenda, "ninakwenda". Kwa msomi ni safi zaidi kuliko yetu. Kwa meseji ni hasara, kwani ŋ nayo haimo kwenye ile orodha ya 128, na kibodi nyingi hazina kitufe chake. Ndiyo maana Waganda wengi ninaowafahamu wakiandika simuni wanarudi kwenye ng' kama sisi.

Walugbara wa hapa Arua ndio wanaoumia kuliko wote. Kwao ritifaa inatangulia herufi: 'b, 'd, 'w, 'y. Ni sauti ambazo pumzi inabanwa kooni kabla hazijatoka, na ni tofauti kabisa na b na d za kawaida. Neno 'ba, yaani watu, linaanza na ritifaa. Jaribu kuliandika kwenye Word. Kwa kuwa ritifaa imekuja mwanzoni mwa neno, Word inadhani unafungua nukuu, inaipindisha upande wa pili kabisa: ‘ba. Kwa hiyo ndani ya waraka mmoja unakuwa na alama inayopinda kulia na nyingine inayopinda kushoto, zote za sauti ile ile, na ukitafuta kwa programu iliyo makini na alama, inakuletea nusu ya maneno.

Excel ndiyo inayonisikitisha zaidi. Andika 'ba kwenye kisanduku, bonyeza Enter, ritifaa inapotea machoni. Inabaki ba. Excel ina kanuni yake ya zamani kwamba ritifaa mwanzoni mwa kisanduku ni amri isemayo "yafuatayo ni maandishi, si namba", basi inaimeza. Mwalimu mmoja aliniletea orodha ya maneno ya Kilugbara aliyoitayarishia wanafunzi, amekaa nayo majuma mawili, akidhani kompyuta yake ina virusi. Nilimwonyesha kubonyeza ritifaa mara mbili: ya kwanza Excel inakula, ya pili inabaki. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kurekebisha safu moja baada ya nyingine. Nilikaa naye mpaka tukamaliza.

Kwenye muziki na video utaiona kila siku, hata kama hukujua unachokitazama. Ninatengeneza video za maneno ya nyimbo kwa kwaya mbili za hapa mjini. Mara ya kwanza nilipopakia faili la maneno, kwenye skrini ilitokea ngâ€™ombe. Wanakwaya walidhani nimepata faili la Kifaransa. Maelezo yake yananifurahisha hadi leo. Ritifaa iliyopinda inahifadhiwa kwa baiti tatu, kwa mpangilio uitwao UTF-8: E2, 80, 99. Programu yangu ya video ilikuwa inasoma kwa mpangilio wa zamani wa Windows, ambao kila baiti ni herufi moja. Kwenye mpangilio huo E2 ni â, 80 ni alama ya yuro, na 99 ni ile TM ndogo ya nembo za biashara. Hakuna kilichoharibika. Baiti zote tatu zilifika salama, zilisomwa tu kwa kitabu kisicho chake. Ukiona tena â€™ kwenye video, bango au risiti, ujue hapo palikuwa na ritifaa iliyopinda. Hifadhi faili upya kwa UTF-8, au iweke iliyonyooka, ambayo inasomeka sawa kwa vitabu vyote viwili.

Na ukiandika #ng'ombe mtandaoni, alama ya reli inaishia kwenye #ng. Yaliyobaki yanaachwa njiani.

Hayo yote mtu anaweza kuyavumilia. Majina ya watu siwezi. Chukua jina Okong'o. Programu nyingi za kuhifadhi taarifa hupokea amri ya namna hii:

INSERT INTO wanachama (jina) VALUES ('Okong'o');

Mashine inasoma jina kati ya ritifaa mbili. Inafungua, inasoma Okong, inakutana na ritifaa, inahitimisha kwamba jina limekwisha. Kisha inakuta o na ritifaa nyingine, haijui vya kufanya navyo, inagoma. Mlango huu ndio ambao wezi wa mitandao huutumia kupenyeza amri zao, kwa hiyo si jambo la kupuuza. Dawa yake inajulikana miaka mingi: amri inatumwa peke yake na jina linatumwa kando, ili mashine isichanganye. Ni kazi ya mistari michache. Lakini fundi mvivu anachukua njia ya mkato, anaikataza ritifaa. Ndipo unaposoma kwenye fomu: "Jina lina herufi zisizoruhusiwa."

Jina la baba yako halina herufi isiyoruhusiwa. Nimemwona dukani kwangu mama mmoja aliyerudishwa mara mbili kutoka kwenye ofisi fulani kwa sababu kitambulisho kinasema ng' na laini ya simu imesajiliwa bila ritifaa. Kompyuta ililinganisha herufi kwa herufi ikaona watu wawili. Alikuwa amelipa nauli mara mbili, mtoto mgongoni. Nilimwandikia barua ya maelezo, lakini kwa kweli barua ile ilipaswa kuandikwa kwa aliyetengeneza fomu.

Kiswahili kiliingizwa katika katiba yetu kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Watoto hawa wataandika ng' kila siku, kwenye mashine zilezile.

Wapo wataalamu wanaopendekeza alama ya tatu, namba 700 ya Unicode, ambayo ina sura ya ritifaa iliyopinda lakini inahesabiwa kuwa herufi. Kwa kamusi na vitabu vya Kilugbara ninawaunga mkono, maana neno halikatiki tena mwanzoni. Kwa matumizi ya kila siku hapana. Haimo kwenye kibodi, na kwenye meseji itakugharimu kama ile nyingine. Mimi nimeamua: iliyonyooka kila mahali. Kwenye Word nimeingia kwenye mipangilio ya kusahihisha yenyewe nikazima kupindisha alama. Ukiwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine, bonyeza Ctrl na Z mara tu inapopinda, itanyooka. Kwenye iPhone, mipangilio ya kibodi, zima Smart Punctuation. Na chochote kitakachotumwa kwa meseji usikiandike kwenye Word, kiandike kwenye Notepad, ambayo haipindishi ritifaa.

Zile meseji 1,200 nilizinunua tena kwa pesa yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwambia mzee zitatosha. Tangazo la pili, la dawa ya kupe, lilikwenda Ijumaa. Lilikuwa na ng'ombe watatu na herufi 138. Jioni mwenyekiti alinipigia kunisomea namba iliyobaki: 800.