Kapasita ya toni haiongezi besi

Kapasita ya toni ni kile kidude chenye miguu miwili kilichochomewa risasi kwenye kitufe cha toni ndani ya gitaa la umeme. Kazi yake ni kuipitisha trebo, yaani sauti kali za juu, iende ethi badala ya kufika kwenye amplifaya. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Shida ni namna tunavyoizungumzia. Hapa Mwanza, kuanzia wapigaji wa dansi Kirumba hadi vijana wa kwaya Igoma, ombi ni lile lile: "Fundi, niwekee kapasita kubwa gitaa lipate besi." Naye fundi, ambaye kutwa anashinda na feni, anaielewa kapasita kwa mambo ya feni: ikichoka, mapanga yanazunguka kivivu, ikiwekwa mpya, nguvu inarudi. Kwenye gitaa hakuna nguvu ya kurudisha. Gitaa la kawaida halina hata betri. Umeme wote uliomo ni ule kidogo unaozaliwa kwenye pikapu (sumaku iliyozungushiwa koili ya waya, chini ya nyuzi) nyuzi zinapotikisika, na kapasita haina mahali pa kutoa mwingine wa kuongezea.

Inachofanya ni kuchagua. Mitetemo ya kasi, yaani trebo, inapita ndani yake kwa urahisi. Ya taratibu inazuiwa. Ukishusha toni, trebo inamwagika kwenda ethi na besi inabaki pale pale ilipokuwa. Sikio ndilo linaloona besi imepanda, kwa kuwa kilichokuwa kinaifunika kimeondoka. Toni ikifika sifuri kabisa, koili ya pikapu na kapasita hujibizana na kuvimbisha kidogo sauti za kati, mara nyingi karibu na hezi 500 (mitetemo 500 kwa sekunde). Uzi mnene wa E uko kwenye hezi 82, mbali na hapo.

Kwa hiyo kapasita kubwa maana yake ni mkato unaoanzia chini zaidi. Magitaa ya pikapu za koili mbili, mfano Gibson Les Paul, yamezoea mikrofaradi 0.022 (kipimo cha ukubwa wa kapasita) pamoja na potenshomita, yaani kipinga kinachogeuzwa na kitufe, ya kilo-omu 500. Ya koili moja huwekewa 0.047 na kilo-omu 250. Magitaa ya Fender ya miaka ya 1950 yaliwahi kutumia 0.1, na ukiishusha toni yake hadi mwisho, sauti inatoka kama gitaa limefunikwa blanketi: sauti za kati nazo zimekwenda. Ile ya feni, mikrofaradi 2.5, ni zaidi ya mara 100 ya 0.022. Usikubali iwekwe.

Ukubwa wa umbo nao usikupoteze, wala volti zilizoandikwa. Volti 50 au 400 ni kiwango cha kuvumilia, na umeme wa pikapu haukaribii hata hiyo 50. Soma namba. Kile kidonge cha kahawia kwenye bodi ya redio mbovu kilichoandikwa 223 ni 0.022, 473 ni 0.047, 104 ni 0.1. Hazina chanya wala hasi, mguu wowote uende popote. Zile za mkebe zenye alama ya hasi ubavuni iachie redio.

Na kwa mpiga solo ambaye toni yake haishuki kamwe kutoka 10: kubadilisha kapasita hakutamsaidia karibu lolote, maana potenshomita yote imesimama njiani kabla trebo haijaifikia kapasita.

Ukienda kwa fundi, basi, mwambie pikapu zako ni za koili moja au mbili, na trebo unataka ipungue kiasi gani toni ikiwa chini. Aziunganishe 223 na 473, moja baada ya nyingine, kwa waya za kubana kwanza, upige, ndipo achomee. Besi unayoitafuta iombe kwenye amplifaya. Kule ina kitufe chake.