Mkimya si lazima awe mwongo

Katika Among Us, mchezo wa simu na kompyuta uliotoka 2018 na kuvuma 2020, mlaghai mmoja au zaidi hujificha kati ya wahudumu wa chombo cha anga na kuwaua kisirisiri, huku wao wakifanya kazi zao ndogondogo. Maiti ikionekana, wachezaji hujadiliana, kisha hupiga kura ya kumtoa mtu. Hapo ndipo imani ya zamani huibuka: aliye kimya ndiye. Au anayebabaika.

Imani hiyo haina mashiko. Mwaka 2006, wanasaikolojia Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi kuhusu kutambua uongo. Kwa wastani watu walipatia asilimia 54 tu. Ukirusha shilingi unapata 50. Tena kwenye gumzo la maandishi hata uso huuoni. Huyo mkimya huenda anaandika kwa kidole kimoja, au ni mgeni, au bando limemkatikia. (Mimi nikiwa mlaghai, ndiye msemaji mkuu.)

Kinachosaidia ni dai linalopimika. Alikuwa wapi, na nani alimwona? Ile kazi ya kupimwa mwili kwenye chumba cha matibabu, mipangilio ikiruhusu ionekane, mlaghai hawezi kuiigiza. Ukimwona mtu anamulikwa pale, mwondoe kwenye washukiwa. Halafu kumbuka kura: nani alishupalia kumtoa mtu ambaye baadaye alibainika hana hatia? Mara moja anaweza kuwa amekosea. Mara ya pili, muulize.