Baba mdogo aliyepotea njiani

Mezani kuna supu, wali na visahani vya kimchi, kabichi iliyochachushwa. Babu ndiye anayeshika kijiko kwanza, wengine wanasubiri. Mlango unafunguliwa, anaingia mwanamume wa makamo, na binti wa nyumba anainuka haraka kumlaki. Ni tamthilia ya Kikorea, na faili la tafsiri ya Kiingereza lililo mbele yangu lina neno moja tu: "Uncle!"

Mjomba? Baba mdogo? Baba mkubwa? Mume wa shangazi? Maneno yatakaa kwenye skrini sekunde moja na nusu. Nikikosea hapa, ugomvi wa urithi utakaozuka huko mbele hautaeleweka, maana mtu atakuwa anadai shamba la ukoo usio wake.

Kazi yangu ni kuandika yale maandishi ya Kiswahili yanayopita chini ya skrini kwenye tamthilia za Kikorea. Kuingiza sauti ni kazi ya wenzangu wa studio. Na nikiri mapema: sifasiri kutoka Kikorea. Nafasiri kutoka Kiingereza, kwa sababu ndiyo nguo ambayo bidhaa hii huvalishwa ikitoka kwao.

Chukua KBS World. Shirika la utangazaji la umma la Korea Kusini, KBS, lilikianzisha kituo hiki Julai 2003, baada ya tamthilia yake ya Winter Sonata ya 2002 kuanza kuwapagawisha Wajapani. Ni kituo cha watu wa nje. Huchukua vipindi vya KBS1 na KBS2, vituo vya shirika hilo vya nyumbani, huvitia maandishi ya Kiingereza, kisha huingia kwenye vifurushi vya kampuni za ving'amuzi, nchi moja baada ya nyingine. Vingi pia vipo YouTube, na huko ndiko ninakovifuatilia mimi. Ndugu yake, KBS World Radio, hutangaza kwa lugha 11. Kiswahili hakimo.

Watu hudhani kazi ya kituo kama hiki ni kugeuza dishi tu lielekee kwingine. Tazama taarifa ya habari ya Seoul wakati wa Olimpiki uone. Msomaji anasimulia fainali kwa furaha, lakini wewe uliye nje unaona picha iliyoganda na tangazo kwamba video haiwezi kuonyeshwa kwa sababu ya haki za matangazo. Haki walizonunua zinaishia mpakani. Muziki nao una mkasa kama huo: wimbo wa msanii wa nje uliowekwa nyuma ya kichekesho huweza kubadilishwa na mdundo usio na mwenyewe, na kichekesho chenyewe kikachacha.

Halafu kuna vipindi vya burudani, jinamizi la kila mfasiri. Wakorea huyaita jamak yale maandishi ya rangi wanayoyabandika juu ya picha yenyewe: mtu akijikwaa, neno la kumcheka linamrukia kichwani; akinyamaza, maandishi yanasema anachokiwaza. Hayo hayafutiki. Kwa hiyo mfasiri ana maneno ya wasemaji watatu wanaokatizana, jamak mbili juu yao, na mistari miwili tu ya kuandikia, kila mmoja herufi kama 42. Mimi huacha utani wa jamak uende na kuokoa mazungumzo. Wenzangu hawakubaliani nami.

Kinachonifurahisha ni saa. Music Bank, kipindi cha muziki cha KBS, huruka moja kwa moja Ijumaa, kwenye saa kumi na moja jioni ya Seoul. Wao huiandika 5, na sisi Afrika Mashariki tuko nyuma yao saa sita, kwa hiyo huku ni saa tano asubuhi. Tano na tano! Ukihesabu saa kwa Kiswahili, huna haja ya kuigeuza ratiba ya Seoul.

Tumrudie yule mgeni mlangoni. Nilirudisha video nyuma nikasikiliza kwa sikio langu bovu: jageun-abeoji. Neno kwa neno ni baba mdogo! Kaka mkubwa wa baba naye ni keun-abeoji, baba mkubwa. Dada ya mama ni imo, dada ya baba ni gomo, na shangazi yetu hachanganywi na mama mdogo. Dongsaeng ni mdogo wangu, awe wa kike au wa kiume. Kiingereza kilichokaa katikati kimeyafagia yote hayo, tena kwa jamii mbili ambazo zingeelewana bila mkalimani.

Hata viwakilishi. Katika Sungkyunkwan Scandal ya 2010, msichana anajifanya mwanamume ili asome katika chuo cha enzi ya Joseon, ufalme wa zamani wa Korea. Mfasiri wa Kiingereza lazima aamue kila mara kama ni wa kike au wa kiume. Mimi naandika "amekuja" na siri inabaki salama.

Si kwamba tunashinda kila mahali. Oppa ni kaka, lakini msichana humwita hivyo mpenzi wake pia, na hapo Kiswahili kinanigomea: mtazamaji wa Tanga akisoma "kaka, nakupenda" atazima televisheni. Huwa naweka jina la kijana, basi.

Safari moja mtoto aliinama mbele ya babu yake asubuhi, nami nikaandika "Shikamoo, babu." Mhariri wa kituo kilichonunua tamthilia akaifuta, eti Wakorea hawasemi shikamoo. Akaweka "Habari za asubuhi." Bibi yangu alipoiona sehemu hiyo aliuliza yule mtoto analelewa na nani.