Tar kumaliza kimya si uthibitisho wa nakala
Kwenye makundi ya WhatsApp ya mafundi kompyuta wa Mbeya na Iringa unazunguka ujumbe huu kuhusu tar, programu ya kukusanya mafaili na kuyaandika kwenye tepu ya sumaku: “tar ikimaliza bila kulalamika, nakala ya tepu iko salama.” Si kweli. Kumalizika kwa kuandika hakuthibitishi kwamba tepu itasomeka.

Kwenye Linux, rudisha tepu mwanzo kwa mt -f /dev/nst0 rewind; /dev/nst0 ni jina la kiendeshi cha tepu lisiloirudisha tepu mwanzo lenyewe. Kisha tar -tf /dev/nst0 huorodhesha mafaili tu. Ukiirudisha tepu mwanzo tena, tar -df /dev/nst0 ndiyo hulinganisha yaliyomo na diski, ukiiendesha kwenye folda ileile ulikoanzia.

Wengi huchanganywa na /dev/st0, jina jingine la kiendeshi hichohicho. Ukilitumia hilo, tepu hujirudisha mwanzo kila amri ikiisha, hivyo nakala ya pili huandikwa juu ya ya kwanza, na hakuna onyo lolote.

Ndugu zangu, tusiusambaze tena ujumbe huo. Rejesheni faili moja kutoka kwenye tepu hadi folda tupu, mlifungue.