Toleo la zamani la programu si lazima liwe na mianya ya usalama

Mkaguzi wa usalama akikuta OpenSSH 8.0 (programu ya kuingia kwenye seva kwa mbali kwa usalama) kwenye Red Hat Enterprise Linux 8, mfumo endeshi wa kampuni ya Red Hat uliotoka 2019, haraka haraka utasikia: mfumo wa kulipia, halafu umepitwa na wakati! Sivyo. Red Hat huchukua viraka vya usalama vya matoleo mapya na kuvipachika kwenye toleo lilelile la zamani, kwa kipindi cha kama miaka 10. Andika rpm -q --changelog openssh, utaona marekebisho yaliyofanywa, pamoja na namba za CVE, yaani namba za utambulisho wa mianya ya usalama inayojulikana. Mifumo kama ya benki huhitaji sana utulivu huo wa toleo lisilobadilikabadilika. Watengenezaji programu wanaopenda vipya watanung'unika, na wana haki. Usajili wa kulipia wa Red Hat ukiisha, seva haizimiki. Masasisho ndiyo hukatika.