Je, wajua kwa nini sala ya Baba Yetu huomba riziki ya leo tu?

Sala ya Baba Yetu huanza na mambo mazito: jina la Mungu litukuzwe, ufalme wake uje, mapenzi yake yatimizwe duniani kama mbinguni. Kisha linafuata ombi la chakula. Tena si chakula cha mwaka wala cha mwezi. "Utupe leo riziki yetu," ndivyo lilivyo katika Mathayo 6:11 kwenye Biblia ya Union Version ya 1952. Wakatoliki husali "utupe leo mkate wetu wa kila siku". Ikiwa tunayemwomba ndiye mwenye vyote, mbona tufundishwe kuomba kidogo namna hii?

Ugumu unaanzia kwenye neno lenyewe. Penye "wa kila siku", Kigiriki cha Mathayo 6 na Luka 11 kina neno epiousios, na nje ya sala hii halijulikani kutumika popote kabla yake. Origen, mwalimu wa Aleksandria wa karne ya 3 ambaye Kigiriki kilikuwa lugha yake, aliandika kwamba hakulikuta kwa wasomi wala midomoni mwa watu wa kawaida, akaona kwamba Wainjilisti, yaani waandishi wa Injili, ndio waliolibuni. Mwaka 1889 ilichapishwa karatasi ya mafunjo kutoka Misri, orodha ya matumizi ya nyumbani, na aliyeisoma alidhani neno hilo limo. Karatasi ikapotea kwa miaka mingi. Ilipopatikana tena mwishoni mwa miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Yale, wachunguzi walisoma pale pale neno la kawaida kabisa: mafuta.

Kwa hiyo watafsiri wamelazimika kupima. Wengine husema ni mkate wa leo, wengine mkate unaotosha kuishi, wengine mkate wa siku inayokuja, kwa kuwa neno linalokaribiana nalo limetumika katika Matendo 16:11 kwa maana ya siku iliyofuata. Mtakatifu Yeronimo, alipoisahihisha Biblia ya Kilatini mwishoni mwa karne ya 4, aliliandika neno hilo hilo kwa namna mbili: katika Luka mkate "wa kila siku", katika Mathayo mkate "upitao vitu vyote". Ndiyo maana tangu kale wako Wakristo ambao ombi hili huwapeleka moja kwa moja kwenye Meza ya Bwana.

Kwangu mimi, mlango wa kuingilia ni Kutoka 16. Waisraeli wako jangwani, wana njaa, wanamnung'unikia Musa. Asubuhi wanakuta kitu chembamba juu ya nchi wasichokijua, wanaulizana, "Nini hiki?" Amri inatolewa: kila mtu aokote kadiri ya ulaji wake, pishi moja kwa kichwa, wala asibakize hata asubuhi. Wako waliobakiza. Kesho yake chakula hicho, mana, kilikuwa kimeingia mabuu na kinanuka. Wahenga wetu walisema akiba haiozi, ile ilioza. Siku ya sita tu ndipo waliruhusiwa kuokota maradufu kwa ajili ya Sabato, na siku hiyo haikuharibika.

Naomba tukae hapo kidogo. Wale watu walikuwa wametoka utumwani, na Kutoka 1:11 inasema huko walimjengea Farao miji ya kuwekea akiba. Walijua vizuri ghala ni nini, na walijua ghala la nani. Sasa kwa miaka 40 wakalala kila usiku, isipokuwa ule wa kuamkia Sabato, bila chakula cha kesho ndani ya hema, wakaamka na kukikuta. Imani haikuwa maneno ya mdomoni tu. Waliifanyia mazoezi kwa mikono na vikapu, asubuhi baada ya asubuhi. Yesu anapotutia mdomoni neno "leo", naamini anaturudisha kwenye shule hiyo hiyo.

Wasikilizaji wake wa kwanza hawakuhitaji kuelezwa sana. Wengi waliishi kwa ujira wa siku, kama wale vibarua wa Mathayo 20 wanaosimama sokoni wakingoja kuajiriwa kwa dinari moja kutwa. Torati ilikataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hata asubuhi (Walawi 19:13), kwa sababu ujira huo ndio uliokuwa chakula cha jioni ile. Kwa mtu wa namna hiyo, "utupe leo" si ombi dogo hata kidogo.

Je, ni dhambi kuweka akiba? Sivyo. Yusufu aliweka nafaka ya miaka saba, na Mithali inamtuma mvivu akajifunze kwa mdudu chungu. Anayekemewa katika Luka 12 ni yule tajiri aliyeiambia nafsi yake ipumzike kwa kuwa ghala limejaa, na usiku ule ule akatakwa roho yake. Mithali 30:8-9 ina ombi linalofanana sana na la Baba Yetu: mwombaji asipewe umaskini wala utajiri, bali chakula kilicho kadiri yake, asije akashiba akamkana Mungu, au akawa maskini akaiba.

Kuna neno jingine dogo ambalo nililisali miaka mingi bila kulisikia: "yetu". Sala hii haina "yangu" hata mahali pamoja. Nikiwa nimeshiba na jirani yangu hana kitu, bado nimeliomba kwa ajili yake, na Yakobo 2:15-16 inaniuliza kama nimempa alichohitaji au nimemwambia tu aende akaote moto na kushiba. Jangwani pia, walipopima kwa pishi, aliyeokota nyingi hakubakiwa na ziada wala aliyeokota chache hakupungukiwa.

Nalipenda pia neno "riziki" walilochagua watafsiri wetu. Mkate hutengenezwa, lakini riziki hutafutwa na kupatikana. Hakuna asemaye ameitengeneza. Ndani yake mna chakula, kazi, hata afya ya kuamkia kazi hiyo.

Mana ilikoma siku ya pili yake baada ya Waisraeli kula mazao ya nchi ya Kanaani (Yoshua 5:12). Kabla ya hapo Musa alikuwa amemwagiza Haruni aweke kiasi chake mbele za Bwana, vizazi vijavyo vikione. Hicho hakikuoza. Nacho kilikuwa pishi moja, chakula cha mtu mmoja kwa siku moja.