Je, wajua kwa nini seva hutangaza kuwa imehifadhi mashine pepe ilhali kazi bado haijaisha?

Tuchukue ofisi ya uwakala wa mizigo jirani na bandari ya Mwanza Kusini, yenye seva moja ya Linux ambayo ndani yake zinaendeshwa mashine pepe nne, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya kompyuta moja halisi: moja ya hesabu, moja ya barua pepe, moja ya kuhifadhi nyaraka za forodha na moja ya majaribio. Umeme unakatika saa tisa alasiri, UPS, yaani betri ya akiba, inaanza kulia, na fundi anatoa amri ya kuzihifadhi mashine zote nne kama zilivyo, ili umeme ukirudi watumishi waendelee pale walipoishia. Mashine ya kwanza inasemekana imehifadhiwa baada ya muda mfupi wa kushangaza. Ya pili inasuasua. Ya tatu inaifanya seva nzima igande, kiasi kwamba hata kuandika amri nyepesi kwenye skrini kunachukua nusu dakika. Diski ni ile ile na ukubwa wa mashine ni ule ule, hivyo tofauti hiyo inatoka wapi?

Inatoka kwenye bafa, yaani sehemu ya RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta, inayofutika umeme ukikatika) ambayo mfumo endeshi huitumia kupokea data zinazokwenda diskini kabla ya kuziandika kweli. Karibu kila programu inapoandika faili katika Linux, data huishia kwanza humo, na programu hujibiwa papo hapo kwamba kazi imefanyika. Kiini cha Linux huigawa RAM katika kurasa, ambazo kwenye seva nyingi tulizonazo zina kilobaiti 4 kila moja, na ukurasa uliobadilishwa lakini haujafika diskini huhesabiwa kuwa mchafu. Kuhifadhi mashine pepe, kwa upande wake, ni kuichukua RAM yote ya mashine hiyo pamoja na hali ya prosesa yake na kuiandika kwenye faili. Mashine yenye RAM ya GB 8 inaweza kutoa faili linalokaribia GB 8, ukiondoa kurasa zilizojaa sifuri tupu, ambazo programu kama QEMU huzitambua na kuziwekea alama fupi tu badala ya kuziandika zote. Kwa hiyo, tendo hili moja humwaga kurasa milioni mbili hivi ndani ya bafa kwa mkupuo, mzigo ambao faili za kawaida za ofisini haziukaribii.

Aliyewahi kusubiri kivuko cha Kigongo kwenda Busisi, kabla Daraja la John Magufuli halijafunguliwa mwaka 2025, anaujua uhusiano wa bafa na diski bila kufundishwa. Eneo la maegesho likiwa kubwa, magari mengi huacha barabara kuu haraka na dereva hujiona amekwisha kufika, lakini idadi ya magari yanayovuka kwa saa haiongezeki hata kwa gari moja, kwa sababu inaamuliwa na kivuko. Bafa ndiyo maegesho, diski ndiyo kivuko. Hata hivyo maegesho yana manufaa yake halisi, kwa kuwa msimamizi akiwa na magari mengi mbele yake anaweza kuyapanga yajae vizuri kwenye kila safari, na tutaona kwamba jambo hilo hilo hutokea kwenye diski.

Linux hutumia vizingiti viwili kuamua lini isukume kurasa chafu diskini. Cha kwanza ni vm.dirty_background_ratio, ambacho kwa kawaida kimewekwa kwenye asilimia 10: kurasa chafu zikifika kiwango hicho, kiini huanza kuandika chinichini bila kuisumbua programu yoyote. Cha pili ni vm.dirty_ratio, kwa kawaida asilimia 20, ambacho hakipaswi kuvukwa, na programu inayoendelea kumimina data hupunguziwa mwendo kwa nguvu ili isikivuke. Tangu toleo la 3.2 la mwaka 2012, kubanwa huku huanza mapema zaidi, takriban katikati ya vizingiti hivyo viwili, na huongezeka kadiri kurasa chafu zinavyokikaribia kile cha juu. Asilimia hizi hazihesabiwi kwa RAM yote ya seva, kama wengi wanavyodhani, bali kwa sehemu iliyo huru au inayoweza kuachwa huru kwa urahisi. Kuna pia vipimo vya muda: vm.dirty_expire_centisecs, ambacho kwa thamani yake ya kawaida ya 3000 huruhusu ukurasa ubaki mchafu kwa sekunde 30, na vm.dirty_writeback_centisecs, ambacho kwa thamani ya 500 humfanya mwandishi wa chinichini aamke kila baada ya sekunde 5 kukagua.

Sasa turudi kwenye namba za seva yetu. Ina RAM ya GB 64. Mashine nne za GB 8 zinachukua GB 32, na tuseme GB 30 ndizo zinazopatikana kwa matumizi mengine. Kizingiti cha chini kinakuwa GB 3, cha juu GB 6, na kubanwa kunaanza kwenye GB 4.5 hivi. Diski ya kuzunguka ya kawaida, ikiandika kwa mfululizo, humudu takriban megabaiti 150 kwa sekunde. Fundi anapohifadhi mashine ya kwanza, nusu ya faili inaingia kwenye bafa kwa kasi ya RAM, na ni baada ya hapo tu ndipo mwendo unashuka kufikia ule wa diski. Programu ikitangaza kumaliza bila kuamuru data zisukumwe hadi mwisho, huenda nusu nyingine ya faili bado iko kwenye RAM, ikihitaji sekunde 30 zaidi za diski. Mashine ya pili inakuta maegesho yamejaa. Ya tatu inagombania diski na mabaki ya zile mbili, na kila programu nyingine inayotaka kuandika chochote, hata kumbukumbu za mfumo, inabanwa pamoja nazo.

Sehemu ya hatari ni hiyo ya faili ambalo limetangazwa kuwa tayari huku nusu yake ikiwa bado kwenye RAM. Mfumo ukizimwa kwa utaratibu, Linux husukuma kurasa zote chafu kabla ya kuzima, na hakuna kinachopotea. Lakini betri ya UPS ikiisha mapema, au mtu akiona neno la kumaliza na kubonyeza kitufe cha kuzimia, faili linabaki nusu, na mashine pepe hiyo haitaamka pale ilipoishia. Katika miji ambako umeme haukatiki, kasoro hii inaweza kukaa miaka bila kuonekana. Kwetu, mara nyingi sababu yenyewe ya kuhifadhi mashine kwa haraka ni umeme uliokatika, kwa hiyo kasi inayoonekana kwenye skrini inaweza kudanganya katika saa ile ile inayohitajika kuwa ya kweli.

Ndiyo maana ushauri unaosikika sana, wa kuongeza vm.dirty_ratio hadi asilimia 40 au 60 ili mashine pepe zihifadhiwe haraka, naupokea kwa tahadhari. Ni kweli kwamba amri itarudi mapema na fundi ataendelea na kazi nyingine. Muda wa faili kufika diskini haupungui kwa kuongeza maegesho, na kwa seva inayotegemea betri ningeelekea upande wa pili kabisa: kushusha vizingiti, na kuviandika kwa baiti badala ya asilimia. Vigezo vya vm.dirty_background_bytes na vm.dirty_bytes vipo kwa kazi hiyo, na ukiweka kimoja, kile cha asilimia kinachofanana nacho husomeka kuwa sifuri, kwa kuwa viwili hivyo havitumiki kwa pamoja. Kwa diski yetu ya megabaiti 150 kwa sekunde, kizingiti cha chini cha baiti 67108864, yaani megabaiti 64, na cha juu cha baiti 536870912, yaani megabaiti 512, vinahakikisha kwamba wakati wowote data zinazosubiri haziwezi kuzidi kile ambacho diski inamaliza kwa sekunde nne hivi ikiwa inaandika kwa mfululizo.

Faida yake inaonekana hata kabla umeme haujakatika. Seva yenye vizingiti vikubwa inaweza kuwa imebeba gigabaiti kadhaa za malimbikizo ya kazi nyingine, kwa mfano nakala rudufu ya nyaraka iliyokuwa ikiendelea, na amri ya kuhifadhi inapotolewa, mashine pepe zinajiunga nyuma ya foleni hiyo. Kwenye mfano wetu, GB 6 za malimbikizo ni sekunde 40 za betri zinazotumika kabla baiti ya kwanza ya mashine pepe haijapata nafasi yake. Vizingiti vikiwa vidogo, foleni ya diski huwa karibu tupu wakati dharura inapoanza.

Kuna hali moja ambayo bafa kubwa huongeza kasi ya kweli, na ni haki kuieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo iliyozaa ushauri ule wa kwanza. Baadhi ya programu za mashine pepe, ikiwemo VMware Workstation, zinaweza kuiambatanisha RAM ya mashine pepe na faili lenye kiishio cha .vmem, hivyo kwamba kila ukurasa unaobadilika ndani ya mashine unakuwa ukurasa mchafu wa faili hilo kwenye seva. Mabadiliko hayo hayaji kwa mpangilio; yanatokea huku na kule. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hutumia wastani wa milisekunde 4 kusubiri sahani ifike mahali pake, ukiongeza na milisekunde nyingine 8 hivi za kusogeza kichwa, kiasi kwamba haiwezi kufanya hata maandiko 100 yaliyotawanyika kwa sekunde. Kwa kurasa za kilobaiti 4, hiyo ni chini ya kilobaiti 400 kwa sekunde, tofauti ya mamia ya mara ukilinganisha na kuandika kwa mfululizo. Hapa ndipo kiini cha Linux, kikiwa na kurasa nyingi mkononi, kinaweza kuzipanga kwa kufuata nafasi zake diskini, kuunganisha zilizo jirani, na kuziandika kwa mapigo marefu. Zaidi ya hayo, ukurasa unaobadilika kila sekunde utaandikwa mara moja badala ya mara nyingi. Kwa seva ya namna hii, kushusha vizingiti hadi megabaiti chache kunaweza kuifanya diski ichakarike mchana kutwa bila tija, na mashine pepe zenyewe zikazorota. Kuviongeza kiasi, pamoja na kurefusha vm.dirty_expire_centisecs, kunaleta nafuu ya kweli wakati wa kazi, ingawa malimbikizo yote hukusanyika kwenye dakika ya kuhifadhi. Mimi ningechagua njia ya tatu, ya kuiondolea mashine pepe faili hilo kupitia faili lake la mipangilio, lenye kiishio cha .vmx, kisha nikavirudisha vizingiti chini.

Kabla ya kubadili chochote, ni vyema kutazama. Faili la /proc/meminfo lina mistari miwili, Dirty na Writeback, inayoonyesha kilobaiti ngapi zinasubiri na ngapi ziko njiani kwenda diskini wakati huo. Kuisoma kila sekunde wakati mashine pepe inahifadhiwa kunaonyesha waziwazi lini maegesho yanajaa na lini yanaisha. Vigezo vyenyewe hubadilishwa papo hapo kwa amri ya sysctl, bila kuwasha upya seva, na vikishapimwa huandikwa kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d ili vidumu. Muda upimwe tangu amri inapotolewa hadi mistari ya Dirty na Writeback inaposhuka kabisa, kwa sababu kupima hadi programu inaposema imemaliza ni kupima bafa tu.

Kwenye diski ya kuzunguka, mashine zihifadhiwe moja baada ya nyingine, kwani mafaili manne yakiandikwa kwa pamoja yanakirudisha kichwa cha diski kwenye mihangaiko ile ile ya kurukaruka. SSD ya SATA, diski isiyozunguka inayokaribia megabaiti 500 kwa sekunde, huondoa sehemu kubwa ya tatizo hili, na NVMe, aina ya SSD yenye kasi zaidi, huondoa karibu lote. Anayetumia libvirt, programu ya kusimamia mashine pepe, anaweza pia kuifanya ibane faili kwa lzop au zstd kupitia kigezo cha save_image_format, jambo ambalo kwa diski ya polepole na prosesa yenye nafasi huokoa muda halisi kwa sababu baiti zinazovuka ni chache.

Ipo hata njia ya kutotumia bafa kabisa. Amri ya virsh save, ya libvirt hiyo hiyo, ikipewa chaguo la --bypass-cache huandika faili moja kwa moja diskini, hivyo RAM ya seva haijazwi na nakala ya RAM ya mashine pepe, na programu nyingine hazibanwi na kurasa chafu za faili hilo. Itaonekana ya polepole kuanzia sekunde ya kwanza, kwa kuwa hakuna kinachopokelewa kabla diski haijakichukua, na vigezo vyote vilivyotajwa hapa havina kazi tena kwa faili hilo: mashine ya GB 8 kwenye diski ya megabaiti 150 kwa sekunde itachukua karibu dakika nzima, na nne zitachukua karibu dakika nne, muda ambao fundi anaweza kuulinganisha moja kwa moja na ule ambao betri yake ya UPS inaweza kuubeba.